Maombi ya Mtu na Mapenzi ya Mungu

Yako maombi ya namna mbili ambayo kila mtu aendaye kanisani ameyasikia. Ya kwanza ni ya yule amwambiaye Mungu kitu akitakacho, na jinsi ya kukileta, na siku ya kukileta, kama karani aandikaye orodha ya vitu vya kuagizwa dukani. Ya pili ni ya yule atajaye mapenzi ya Mungu mwanzo na mwisho wa sala yake, lakini katikati hakuomba neno lo lote, kwa sababu aogopa kuomba asije akanyimwa. Watu wengi hudhani ya kuwa huyu wa pili ndiye mnyenyekevu. Labda si hivyo. Habari inayofuata ni ya mtu aliyeomba kwa nguvu zake zote, akanyimwa alichokitaka, wala hakuacha kuomba.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, akatumwa Afrika na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, yaani C.M.S. Kwanza alikwenda Uhabeshi. Huko aliwaona Waoromo, ambao siku zile waliitwa Wagalla, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Tangu hapo ombi lake likawa moja, kwamba watu hao waipate Injili, maana aliamini ya kuwa wao wakiamini, nchi nyingi za Afrika zitafuata. Lakini alipotoka Uhabeshi mwaka 1842, njia ya kurudi ilifungwa. Ndipo alipowaza kuzunguka kwa bahari ili awafikie kwa upande wa kusini. Mwaka 1844 alishuka Mombasa pamoja na mkewe Rosine, akiwa na ruhusa ya Seyyid Said wa Unguja. Kwake Mombasa haikuwa mwisho wa safari. Ilikuwa mlango tu wa kupitia.

Miezi haikupita mingi. Mwezi wa Julai mwaka ule ule homa iliwashika wote wawili, na Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu zilizopita. Tarehe 13 Julai Rosine akafa, na mtoto naye akamfuata upesi, huku baba yake amelala hana nguvu kwa homa ile ile. Rosine alikuwa ametaka azikwe barani, si kisiwani, ili wapitao njia walione kaburi na kukumbuka jambo lililowaleta wageni wale. Kaburi hilo lipo upande wa Nyali hata leo. Krapf alipopata nafuu aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba sasa liko kaburi la misheni katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwamba hiyo ni ishara ya kuwa kazi imeanza.

Wahubiri wengi hupenda kuisimulia barua hiyo, na kwa kweli yastahili. Lakini wengine huongeza neno moja ambalo si jema kulisema upesi, yaani kwamba Mungu alitaka Rosine afe. Nani aliwaambia? Mwaka 1844 hakuna daktari aliyejua ya kuwa malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilianza kujulikana hakika mwaka 1897, wakati Ronald Ross alipoviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu kule Uhindi. Wazee wetu walilala bila chandarua, wakafa, na waliobaki wakasema ni mapenzi ya Mungu, kwa kuwa hawakuwa na neno jingine la kusema. Hatuwezi kuwalaumu.

Leo mambo ni mengine. Mzazi ambaye mtoto wake ana homa kali, na dispensari iko karibu, akimwacha nyumbani siku tatu huku akisema kwamba Mungu akipenda atapona, huyo hakuyafuata mapenzi ya Mungu. Ameyafanya kuwa shuka ya kuufunika uvivu wake au woga wake. Hata kule pwani wenyeji huchekeana juu ya mtu asemaye "Inshallah" kwa jambo asilokusudia kulifanya kamwe. Neno lenyewe ni zuri sana. Aliharibuye ni msemaji. Basi mpeleke mtoto, nawe uombe njiani.

Katika bustani ya Gethsemane Bwana Yesu hakuanza kwa kukubali. Alianza kwa kuomba kwamba kikombe kile kimwondokee, na kila aijuaye Injili akumbuka jinsi jasho lilivyomtoka. Alisema wazi alilolitaka. Kisha akaliweka chini ya mapenzi ya Baba yake. Wala hakuomba mara moja tu. Mtume Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, asiondolewe, bali akapewa nguvu ya kuuchukua. Hao wote wawili walitangulia kuomba, na kukubali kwao kulikuja baadaye. Mtu akianza kwa kukubali kabla hajasema shida yake, atakuwa amemkubalia Mungu nini? Ni kama mwana aingiaye kwa baba yake, akasema, "Ndiyo, baba," kisha akatoka, asiseme lililomleta.

Tazameni sasa Krapf alivyofanya baada ya mazishi yale. Hakuacha kuwaombea Waoromo. Walakini, kwa kuwa mlango ule ulikuwa bado umefungwa, hakukaa kitako mbele yake. Tangu mwezi wa Juni, kabla ya msiba, alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Mwislamu mwenye elimu. Na jambo hilo la watu wawili wa dini mbili kukaa pamoja juu ya kitabu kimoja lafaa kukumbukwa. Aliendelea na kazi hiyo. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, nao wakajenga Rabai. Mwaka 1849 Krapf alifika Ukambani, na kutoka Kitui akauona mlima Kenya na theluji yake, ingawa wataalamu wa Ulaya walimcheka. Alichora katika mawazo yake mstari wa misheni kutoka Mombasa hata bahari ya magharibi. Mwaka 1851 alisafiri tena, na karibu na mto Tana wanyang'anyi wakamwua Kivoi, mkubwa wa Wakamba aliyekuwa rafiki yake. Krapf akarudi peke yake kwa njaa na kiu.

Na matunda? Katika mwaka huo wa 1851, miaka saba tangu kushuka kwake, alibatizwa kilema mmoja aliyeitwa Mringe, naye alikuwa karibu kufa. Mtu aliyeomba apewe taifa zima alipewa Mringe. Haielekei kwamba Krapf alimdharau, na hapo pengine ndipo moyo wake ulipopimwa kuliko kule makaburini, maana ni vigumu kupokea kidogo kwa mikono iliyonyoshwa kupokea kingi.

Ugonjwa ulimrudisha Ulaya mwaka 1853. Mwaka 1862 alikuja tena pamoja na Wamethodisti, akawasaidia kuanza kazi Ribe, na mmoja wao, Thomas Wakefield, ndiye aliyekuja kuanzisha misheni kwa Waoromo wa mto Tana katika miaka ya 1880. Krapf mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi kwao Korntal kwa sababu ya afya yake, akakaa mezani na maneno ya Kiswahili aliyoyakusanya tangu Mombasa na Rabai, neno kwa neno, mwaka hata mwaka.

Asubuhi moja ya Novemba mwaka 1881 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekufa. Kamusi yake ya Kiswahili ilikuwa haijatoka bado. Ilichapwa London mwaka uliofuata.