SHIMO HUFUKIWA KABLA YA KUCHIMBWA

Mazungumzo na wanachama juu ya leseni za kuchimba madini na kuirejesha ardhi



Leo hatukuja kuzungumza habari za kura wala za viti. Tumekuja kusema habari ya mashimo. Huenda mtu akacheka akauliza, je, mashimo nayo ni siasa? Twamjibu: ndiyo, tena ni siasa hasa, maana shimo ni ardhi iliyoondolewa, na ardhi ndiyo inayotufanya tuitwe wenye nchi.

Kila mmoja wetu ameliona shimo la namna hii. Barabara inajengwa, malori yanakuja kuchukua kifusi. Mji unakua, watu wanachimba mchanga na kokoto. Pahali pengine dhahabu imeonekana, na kilima kizima kinafunuliwa kama mtu afunuavyo chungu. Kazi inakwisha, wenye malori wanakwenda zao, shimo linabaki. Mvua zikinyesha linajaa maji. Ng'ombe anateleza humo, mtoto anakwenda kuogelea humo, mbu wanazaliana humo. Ukiuliza ni la nani, hakuna ajuaye. Fedha zilikuwa na mwenyewe, lakini shimo halina mwenyewe.

Neno letu la leo ni moja tu, nalo twataka kila mtu aondoke nalo: shimo hufukiwa kabla ya kuchimbwa. Maana yake, siku ya kuulizana ardhi itarudi namna gani ni siku ile ya kuomba leseni, wala si siku ya kufunga mgodi. Siku ya kuomba, mchimbaji anataka kitu kutoka kwetu, naye atasikiliza. Siku ya kufunga hana anachokitaka tena. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Basi malipo na yaandikwe wakati wa harusi.

SHERIA YASEMAJE

Kwanza tuijue sheria, maana asiyeijua haki yake ni kama asiye nayo. Sheria ya Madini ya Tanzania ni ya mwaka 2010, nayo ilirekebishwa mwaka 2017. Marekebisho hayo yanasema wazi kwamba madini ni mali ya umma, na Rais ameyashika kama amana kwa ajili ya wananchi. Hata mchanga na mawe ya kujengea ni madini mbele ya sheria hii. Kwa hiyo mwenye lori na vibarua hawezi kusema, "Mimi nachimba mchanga tu, leseni ya nini?"

Leseni zenyewe ni za daraja mbalimbali. Leseni ya uchimbaji mdogo ni kwa ajili ya Watanzania. Hudumu miaka 7 na yaweza kuhuishwa. Juu yake iko leseni ya uchimbaji wa kati, na juu kabisa leseni maalumu kwa wenye mtaji wa dola milioni 100 za Kimarekani au zaidi. Maombi hupelekwa kwa Tume ya Madini, ambayo ina Maafisa Madini Wakazi huko mikoani.

Mwenye mgodi wa kati au mkubwa yampasa apate cheti cha mazingira kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tena yampasa awe na mpango wa kufunga mgodi, na aweke dhamana ya kuitengeneza ardhi. Mchimbaji mdogo naye hakusahauliwa: zipo kanuni za mwaka 2010 za kulinda mazingira katika uchimbaji mdogo, nazo zamtaka awe na mpango wake.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Leseni ya madini si hati ya shamba. Mwenye leseni haruhusiwi kuchimba ndani ya meta 200 za nyumba ya mtu, wala ndani ya meta 50 za shamba lililolimwa, pasipo idhini ya maandishi ya yule anayeikalia ardhi hiyo kwa haki. Tumesema maandishi, ndugu zetu. Si kupeana mikono chini ya mwembe na kupewa soda. Ni kweli kwamba idhini ikizuiliwa bila sababu ya maana, wakuu wa madini waweza kuamua isihitajiwe. Kwa sababu hiyo tusikatae kwa ukaidi tu. Tuseme, "Tuonyeshe kwanza mpango wako wa kuirejesha ardhi." Hiyo ni sababu ya maana mbele ya mtu yeyote mwenye haki.

MPANGO MZURI NI UPI?

Mpango si maneno matamu ya "tutapanda miti". Mpango una hesabu. Hebu tupige hesabu ya shimo moja dogo: urefu meta 100, upana meta 50, kina meta 6. Humo zitatoka meta za ujazo 30,000. Lori likibeba meta 10 kila safari, ni safari 3,000. Nani atakayerudisha safari 3,000 kwa hiari yake, wakati kilichotoka kimekwisha kuuzwa na kujengewa nyumba mjini? Hakuna. Basi ukweli usemwe mapema: shimo la mchanga au la mawe mara nyingi halitajaa tena. Mpango lazima useme litakuwa kitu gani. Litakuwa bwawa la samaki? Malisho? Shamba la miti lenye kingo zilizolazwa ili mtu na mnyama waweze kupanda na kushuka? Mambo hayo huamuliwa pamoja na kijiji.

Lakini kipo kitu kimoja kisichouzwa na kisichopasa kupotea, nacho ni udongo wa juu. Katika shimo lile lile, udongo wenye rutuba wa kina cha sentimeta 30 ni meta za ujazo 1,500, yaani safari 150 tu. Ukikwanguliwa kwanza na kuwekwa kando peke yake, ukapandwa majani usichukuliwe na mvua, utangoja hapo mpaka siku ya kurudishwa. Ukichanganywa na kifusi siku ya kwanza, hakuna mtambo utakaoutenga tena. Udongo huo uliumbika kwa karne nyingi; tingatinga laweza kuuharibu kwa asubuhi moja.

Mpango mzuri pia hausubiri mwisho. Wachimbaji hodari huchimba kwa vipande: kifusi cha kipande cha pili hufukia kipande cha kwanza, na udongo wa juu hufuata nyuma. Hivyo jeraha la ardhi haliwi kubwa kuliko uwezo wa kuliponya.

Tena mpango useme maji yatapita wapi na mabaki yatalazwa wapi. Yako mawe ambayo yakipata hewa na maji hutoa asidi inayoua samaki na mimea. Palipotumika zebaki kuosha dhahabu, tope lake halifai kuachwa karibu na kisima. Wala tusidhani kwamba wakubwa hawapatwi na mabaya. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, lilipasuka, na tope likaingia katika mashamba na makazi ya watu.

WALIOTUTANGULIA

Jirani zetu wa Kenya wanalo somo. Huko Bamburi, Mombasa, kiwanda cha saruji kilianza mwaka 1954 kuchimba mawe ya chokaa ya matumbawe. Palibaki uwanja mweupe wa mwamba, pasipo udongo, na maji ya chumvichumvi karibu chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, alianza kujaribu miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizoishi ni 3 tu, na mmoja wao ni mvinje. Majani ya mvinje yalianguka lakini hayakuoza, ndipo wakaletwa majongoo, wakayala na kuyageuza mbolea. Polepole udongo ukaanza kuonekana juu ya mwamba. Leo pahali hapo panaitwa Haller Park, na watu hulipa kiingilio kwenda kutazama viboko na twiga chini ya miti.

Twamsifu Haller na watu wake. Lakini tusilisome somo hili kwa jicho moja. Kutoka 1954 hadi 1971 ni miaka 17. Udongo ulikuwa umekwisha ndipo kazi ya kuutengeneza ikaanza, tena ilianza kwa sababu kiwanda kilikuwa bado kipo, kina fedha, na kilikubali. Je, mwenye lori wa kijijini kwetu atakuwepo baada ya miaka 17? Bahati ya Bamburi si kitu cha kuitegemea. Twataka sharti.

Sharti hilo Marekani waliliandika baada ya kuumia. Kwa miaka mingi wachimbaji wa makaa ya mawe walifunua milima, wakachukua makaa, wakaondoka. Tarehe 3 Agosti 1977 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria ya migodi ya makaa ya juu ya ardhi. Tangu hapo mwombaji hutakiwa kuleta mpango wa kuirejesha ardhi pamoja na maombi yake. Hutangaza maombi hayo katika gazeti la mahali pale kwa majuma 4 mfululizo, ili wananchi waweze kupinga. Na hapati kibali mpaka aweke dhamana ya kutosha Serikali kuifanya kazi yenyewe endapo atakimbia. Hata baada ya kupanda majani bado anadaiwa: miaka 5 katika nchi za mvua, na 10 katika nchi kavu, mpaka ionekane kwamba mimea imeshika kweli. Na kwa ajili ya mashimo ya zamani yasiyo na mwenyewe, kila tani ya makaa inatozwa ada, nayo yatozwa hata leo. Tajiri kama yule bado analipia mashimo ya babu zake! Sisi tutalipa kwa kitu gani?

NA MCHIMBAJI MDOGO JE?

Wako watakaosema kwamba haya yatamkandamiza mnyonge. Hoja hiyo ni nzito nasi hatuikwepi. Mchimbaji mdogo ni ndugu yetu, analisha watoto kwa sururu. Lakini mkulima anayepoteza shamba naye ni ndugu yetu, na mara nyingi watu hao wawili ni wa nyumba moja. Dawa si kumsamehe mmoja amwumize mwingine. Dawa ni umoja. Wachimbaji kumi wakijiunga waweza kukodi tingatinga moja, kuweka akiba kidogo kwa kila lori linalotoka, na kuandika mpango mmoja. Tena achimbaye kwa vipande na kufukia nyuma yake hujipunguzia deni kila mwezi. Mali bila daftari huisha bila habari, na ardhi ni mali.

MASWALI YA KUULIZA

Basi, mtu akija kijijini na ramani yake, msimfukuze wala msimpigie vigelegele. Mpeni kiti, kisha katika Mkutano Mkuu wa Kijiji mwulizeni maswali haya matano, na majibu yaandikwe katika muhtasari:

1. Leseni yako ni ya daraja gani, na mipaka yake yapita wapi hasa?

2. Udongo wa juu utauweka wapi, na nani ataulinda?

3. Maji na mabaki yatakwenda wapi wakati wa masika?

4. Siku ukiondoka, pahali hapa patakuwa kitu gani, na kwa ukaguzi wa nani?

5. Fedha za kazi hiyo ziko wapi leo?

Swali la tano ndilo lenye meno. Mtu akiweza kujibu manne na kushindwa la tano, jueni kwamba shimo hilo mtalirithi ninyi.

Ndugu wanachama, kuna watu watakaowaambia kwamba kuuliza hivi ni kuzuia maendeleo. Waambieni kwamba maendeleo yanayomwachia mjukuu shimo ni mkopo uliochukuliwa kwa jina lake, naye hajazaliwa akauweka dole gumba. Dhahabu huchimbwa mara moja ikaisha. Shamba lililotunzwa huvunwa kila mwaka. Twataka vyote viwili, na njia ya kuvipata ni kuandika makubaliano kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.

Nendeni mkawaeleze wasiokuja.