Mishipa ya Damu Baada ya Virusi Kufubazwa

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwetu Tanzania mwaka 2004, na leo mtu anayeishi na VVU akizimeza bila kuruka anatazamia kuzeeka. Uzee huo umekuja na magonjwa yake. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta presha ya kupanda kwa asilimia 28.7 ya waliokuwa wametumia dawa zaidi ya miaka miwili, ilhali kwa wasio na virusi ilikuwa asilimia 16.3. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi, uliotoka mwaka 2018, ulionyesha kuwa watu wanaoishi na VVU (WAVIU) wana hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa karibu mara mbili ya watu wengine. Kwa hiyo nasema mazoezi ya kuhemesha, yaani kutembea kwa haraka, mchakamchaka au baiskeli, yaandikwe kwenye kliniki ya tiba na matunzo (CTC) kama sehemu ya matunzo, hata kwa mgonjwa wa kata kama Simbo, mkoani Kigoma.

Mshipa wa damu umetandikwa kwa ndani tabaka jembamba la seli. Tabaka hilo hutoa nitriki oksaidi, hewa inayolegeza misuli ya mshipa ili utanuke. Ugunduzi huo uliwapatia Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. VVU, hata vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, huiacha kinga ya mwili ikiwa imechokozwa muda wote, na tabaka hilo huumia. Moyo unapokwenda mbio, damu hupita kwa kasi, huusugua mshipa, na msuguano huo ndio unaoliamsha tabaka litoe nitriki oksaidi zaidi. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa: jaribio kubwa la mwaka 2006 liliwakuta waliokatiza dawa wakipata matatizo ya moyo zaidi kuliko walioendelea nazo.

Mwenye shaka atauliza ushahidi uko wapi. Majaribio yaliyopima mishipa ya WAVIU kabla na baada ya mazoezi ni madogo, na majibu yake hayafanani; katika baadhi mishipa ilitanuka vizuri zaidi, katika mengine haikubadilika. Sitaipamba hali hiyo. Lakini tafiti zilizounganishwa zimeonyesha kuwa dakika 20 za mazoezi, mara tatu kwa wiki, kwa wiki tano au zaidi, ni salama kwa mtu ambaye hali yake imetulia, na huongeza pumzi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwataja wanaoishi na VVU kwa jina lilipopendekeza angalau dakika 150 kwa wiki. Jambo salama lisilo na gharama halihitaji kusubiri uthibitisho wa mwisho.

Atasema pia kuwa mkulima wa Simbo, mwenye mihogo na mikungu ya michikichi ya kubeba, amekwisha kufanya mazoezi. Ni kweli, na huyo asiongezewe mzigo. Ila jembe lina msimu wake, na fundi cherehani wa Ujiji au dereva wa bodaboda hukaa kutwa nzima. Pingamizi zito zaidi ni kukonda. Kwa miaka mingi mwili uliopungua ulisomwa mtaani kama tangazo la ugonjwa, na katika mkoa huu wa Kigoma, ambao utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta na maambukizi ya asilimia 1.7 tu, ya chini kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara, mgonjwa hana wenzake wengi wa kujificha kati yao. Hofu hiyo ni halali. Ndiyo maana mazoezi yasifanywe ya kundi la WAVIU peke yao. Yawe matembezi ya mtu yeyote mwenye presha, na anayepungua uzito bila sababu, au anayekohoa, achunguzwe kifua kikuu kwanza.

Wauguzi wa CTC, mnapohesabu vidonge vilivyobaki, pimeni na presha, kisha mwulizeni mgonjwa wiki hii ametembea kiasi gani. Jibu lake liandikeni kwenye kadi.