Misuli Haisinyai: Maneno Manne ya Kiingereza ya Kupungua na Kubana



Kiingereza kina akiba kubwa ya maneno ya kupungua na kubana. Jioni hii nashughulika na manne tu: "shrink", "contract", "tighten" na "constrict". Katika madarasa yetu mara nyingi yote hurundikwa chini ya "kusinyaa" na "kubana", na hapo ndipo mwanafunzi anapopotea.

"Shrink" ni neno la Kiingereza cha kale, neno la nyumbani. Hutumika pale kitu chenyewe kinapopoteza ukubwa: sweta la sufu likifuliwa kwa maji ya moto, au theluji ya Kilimanjaro mwaka hadi mwaka. Sisi nguo husema imerudi, na mtu mwoga husema amenywea. Mwingereza hutumia "shrink" kwa vyote viwili. Wamarekani wamelifanya hata jina la utani la daktari wa akili, kwa mzaha uliotokana na habari za watu wa Amazon waliokausha vichwa vya maadui zao vikawa kama ngumi. Mzaha mbaya, lakini umedumu.

"Contract" ndilo lenye hila. Limetoka Kilatini, na asili yake ni kuvuta pamoja; ndiyo maana linabeba pia maana ya mkataba. Katika fizikia halileti shida: chuma kikipoa hupungua. Katika uchumi nako ni wazi: mwaka 2020 pato la Uingereza lilishuka kwa takriban asilimia 10, na wanauchumi wakatumia neno hilo hilo. Shida iko kwenye biolojia.

Kunja mkono ukiwa umeshika ndoo ya maji, utulie. Misuli inafanya kazi kweli kweli, lakini urefu wake haubadiliki. Sasa ishushe ndoo polepole: msuli wa mbele ya mkono unarefuka, na bado mwanafiziolojia atasema "contract". Katika karne ya 17 Mholanzi Jan Swammerdam alifungia msuli wa chura ndani ya mrija wa kioo, akaonyesha kwamba ukijikaza ujazo wake hauongezeki. Mwaka 1954 makala mbili katika toleo moja la jarida la Nature, za watafiti wawili wenye jina la Huxley, wasio ndugu, pamoja na wenzao, zilieleza kwamba nyuzi za ndani ya msuli huteleza zikipishana bila zenyewe kufupika. Neno linahusu nguvu ya kuvuta. Kufupika si lazima. Mwalimu anayesema "misuli husinyaa" anamweleza mwanafunzi ugonjwa, kwa kuwa msuli uliosinyaa kwa Kiswahili ni ule uliokonda kwa kulala kitandani miezi mingi.

"Constrict" ni la mirija na vilivyozungukwa: mshipa wa damu ukiwa mwembamba kwa baridi, au windo la chatu.

"Tighten" kwa kawaida huhitaji mkono unaokaza, awe fundi mwenye spana au gavana wa benki kuu. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50, na magazeti yakaandika "tightening". Namba ilipanda, kilichobanwa ni mkopo. Hapa "kukaza" kwetu kunatosha kabisa. Ila wanasiasa wa Kiingereza wanapowaambia wananchi wakaze mikanda, mfasiri aangalie ni tumbo la nani linalobanwa, maana sentensi zao aghalabu humficha mkazaji.

Nawaomba basi wahariri wa vitabu vya biolojia walioko ukumbini: toleo lijalo, penye msuli, andikeni "kujikaza". "Kusinyaa" waachieni madaktari.