Barabara ya Wote Si Uwanja wa Mbio: Historia na Hatari za Mashindano ya Pikipiki

Mada kwa semina ya madereva wa bodaboda na viongozi wa vijiwe, Tukuyu, Wilaya ya Rungwe

1. Utangulizi

Hoja yangu leo ni moja. Waliotaka kushindana kwa pikipiki barabarani kwa kufuata sheria hatimaye walilazimika kuifunga barabara kwanza, na hata hapo watu waliendelea kufa. Vijana wetu wanashindana barabara ikiwa wazi.

2. Mbio hizi zilikotoka

Mwaka 1903 magari na pikipiki vilishindanishwa kutoka Paris kwenda Madrid katika barabara za kawaida, watazamaji wakiwa wamejipanga kandokando. Serikali ya Ufaransa iliyasimamisha mashindano hayo mjini Bordeaux baada ya madereva na watazamaji kadhaa kufa.

Uingereza haikuruhusu mbio katika barabara zake, hivyo waandaaji wakaenda kisiwa cha Man, ambako Bunge la kisiwa lilikuwa limekubali barabara zifungwe. Huko, tarehe 28 Mei 1907, yalianza mashindano ya pikipiki ya TT (Tourist Trophy). Charlie Collier alishinda daraja la silinda moja kwa wastani wa kilomita 61 hivi kwa saa, mwendo ambao pikipiki yoyote ya kijiweni leo inaupita. Tangu mwaka 1911, katika mzunguko wa kilomita 60 hivi unaotumika huko, washindani zaidi ya 250 wamepoteza maisha. Hao ni watu waliofanya mazoezi, barabara ikiwa imefungwa kwa ajili yao. Mshindani Gilberto Parlotti alipofia hapo mwaka 1972, Giacomo Agostini, bingwa wa dunia, alikataa kurudi. Baada ya mwaka 1976 mashindano hayo yakaondolewa katika ubingwa wa dunia.

Kwetu Afrika Mashariki, Safari Rally ya magari ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara zilizotumiwa na kila mtu. Iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ilishindaniwa Naivasha, katika vipande vya njia vilivyofungwa. Hata waliopenda sana mbio wamejifunza.

3. Mbio zinaingiaje kijiweni?

Bodaboda ilianza kama baiskeli ya kuvusha abiria mpakani Busia. Hapa Tanzania kanuni za mwaka 2010 ziliitambua pikipiki kuwa chombo cha kubeba abiria. Ni kazi halali inayosomesha watoto. Mbio huiingia kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni hesabu ya tajiri, yaani fedha ambayo dereva humpelekea mwenye pikipiki kila siku. Jioni ikikaribia na hesabu haijatimia, dereva humkimbiza mwenzake kumuwahi abiria. Mlango wa pili ni misafara: harusi, mapokezi ya viongozi, na zaidi mazishi ya dereva mwenzetu. Saiti mira zimeng'olewa, ekzosi imetobolewa ili ipige kelele, kijana amelala juu ya tangi, kofia ngumu ameining'iniza kwenye kiwiko. Tunamsindikiza aliyekufa kwa ajali huku tukiandaa ajali nyingine.

4. Hatari za Rungwe

Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukungu hutanda Isongole na Ntokela hata mchana. Barabara ya kutoka Uyole hadi Kasumulu inapita katikati ya makazi yetu ikiwa na malori ya Malawi, Fuso za ndizi zinazotoka Kiwira, baiskeli zenye madumu ya maziwa na watoto wa shule. Kutoka Tukuyu kwenda Kyela ni mteremko na kona.

Sasa tupige hesabu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Pikipiki inayohitaji mita 15 ikiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, itahitaji mita 60 ikiwa kwenye 80. Na kwenye 80 unakwenda mita 22 kila sekunde, hivyo ukichukua sekunde moja kuishika breki, mita hizo 22 zimeshakwisha. Lami ikilowa, umbali unazidi tena. Mtoto anayevuka akitokea nyuma ya lori hana nafasi ya kupona.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila msafara uwe na kiongozi wa mbele asiyepitwa, na polisi wapewe taarifa mapema.
Pili, kijiwe kimsimamishe kazi anayeng'oa saiti mira, anayetoboa ekzosi au anayepakia mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja.
Tatu, wenye pikipiki wapunguze hesabu siku za mvua kubwa na ukungu.
Nne, halmashauri itenge eneo lililofungwa, lenye wasimamizi na huduma ya kwanza, kwa vijana wenye kipaji cha mbio.

6. Hitimisho

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ipo, na trafiki wapo, lakini hawawezi kuwa katika kila kona ya Rungwe. Viongozi wa vijiwe mpo katika kila kona. Nawaomba mtoke hapa na azimio moja: katika msafara ujao wa mazishi, asiwepo dereva atakayempita kiongozi wa mbele, na atakayempita asipakie abiria kijiweni kwenu.