Maradhi ya Moyo Usioonekana kwa Wanamichezo



Mazungumzo haya yahusu jambo ambalo aghalabu halitajwi mbele ya watu, nalo ni ile huzuni nzito iitwayo sonona, pamoja na wahaka, yaani khofu isiyompa mtu raha usiku wala mchana. Na khasa namna mambo hayo yanavyowapata watu ambao mchezo ndio kazi yao. Huenda baadhi ya wazee wakauliza kabumbu ina uhusiano gani na Jumuiya. Jawabu ni kuwa jioni, baada ya Sala ya Alasiri, vijana wa Buyenzi huonekana wakiukimbilia mpira, na wengi wao hutumaini ya kuwa siku moja mpira huo utawalisha wazazi wao. Kijana aliyetwishwa tumaini la nyumba nzima si mwepesi wa kusema, "Naumwa."

Marehemu Papy Faty alizaliwa Bujumbura mwaka 1990, akaichezea timu ya Taifa, Intamba mu Rugamba. Alikuwa na ugonjwa wa moyo, na madaktari walikuwa wamekwisha kumwonya juu ya kuendelea kucheza. Tarehe 25 Aprili 2019, akiichezea Malanti Chiefs katika nchi ya Eswatini, alianguka uwanjani akafariki. Watu walisikitika, na yafaa wasikitike.

Lakini Kiswahili hutumia neno hilo hilo moja, moyo, kwa kile kipande cha nyama kisukumacho damu na kwa mahali pa furaha na majonzi. Moyo wa kwanza ukiugua, mgonjwa huletewa uji na dua. Ukiugua wa pili, huletewa maneno. "Ana jini." "Amelewa sifa." "Hasali huyo." Mchezaji akiyasikia hayo juu ya mwenziwe hujifunza kunyamaza, naye hucheza akinyamaza mpaka miguu ikatae.

Atazamwe Saido Berahino. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1993, mwaka ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Baba yake aliuawa katika vita hivyo, na mwaka 2003, akiwa mtoto wa miaka 10, alifika Uingereza kuungana na mama yake katika mji wa Birmingham. Huko mpira ulimfungulia mlango. Katika msimu wa 2014 hadi 2015 aliifungia West Bromwich Albion mabao 14 katika ligi kuu, na magazeti yakamsifu sana. Kisha mambo yakageuka. Uhamisho alioutaka haukufanikiwa, akafungiwa majuma manane kwa sababu ya dawa ya kulevya, na baada ya tarehe 27 Februari 2016 hakupata bao jingine hata zikapita siku 913. Siku hizo zilihesabiwa magazetini moja moja, kana kwamba ni deni, mpaka alipoifungia Stoke City mwezi wa Agosti 2018.

Si haki kumpa mtu jina la ugonjwa kwa kumtazama kutoka mbali, wala hapa halitolewi. Linalosemwa ni hili: waliokuwa wakizihesabu siku zile walizihesabu kuanzia bao la mwisho. Ni wachache mno waliohesabu kuanzia Bujumbura, kwa mtoto aliyempoteza baba. Mwezi wa Septemba 2018 aliivaa jezi ya Burundi kwa mara ya kwanza katika timu ya wakubwa, na mwaka 2019, nchi ilipofika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Misri, yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Burundi ilishindwa michezo yote mitatu bila ya bao. Hata hivyo timu ilikuwa imefika.

Kunyamaza kuna bei yake. Robert Enke, mlinda lango wa Hannover 96 na wa timu ya Taifa ya Ujerumani, aliugua sonona kwa miaka, akaificha. Alimzika binti yake mdogo mwaka 2006. Baadaye yeye na mkewe wakachukua mtoto wa kulea, naye akaogopa kuwa ugonjwa ukijulikana mtoto huyo atanyang'anywa. Tarehe 10 Novemba 2009 alijitoa uhai, akiwa na miaka 32. Kesho yake mkewe alisimama mbele ya waandishi wa magazeti akaeleza yote. Mwaka 2015 chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, kilitoa khabari za wachezaji 607 wa nchi 11: asilimia 38 kati yao walikuwa na dalili za sonona au wahaka. Katika kila wachezaji kumi na mmoja waingiao uwanjani, hao ni kama wanne.

Wasemao kuwa huo ni upungufu wa imani wangefanya vyema kukumbuka kuwa Nabii Yaakub alimlilia mwanawe hata macho yakapofuka, naye alikuwa Nabii. Mwaka aliofariki Bibi Khadija na Abu Talib umeitwa na wanavyuoni Mwaka wa Huzuni. Na Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja, akiwalaumu matabibu walioitibu nusu moja ya mtu. Yeye alitofautisha huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama msiba, na ile imjiayo mtu bila ya sababu kuonekana. Ya pili aliihesabu kuwa yatoka mwilini, akaitaka itibiwe kwa dawa za mwili. Hayo yaliandikwa na Mwislamu zaidi ya miaka elfu iliyopita, na bado barazani hutafutwa jini.

Dua ina mahali pake, na hapana amwombaye mgonjwa aiache. Lakini Bujumbura ina hospitali ya maradhi haya pale Kamenge, ambapo madaktari na wauguzi huwatibu watu kwa dawa na kwa mazungumzo. Kinachowazuia wengi ni lile lango. Mtu huogopa kuonekana akiingia. Kwa mchezaji khofu huzidi, kwani kocha akisikia huenda akampa nafasi mwingine, na klabu ikaacha kulipa.

Baba ampelekaye mwanawe huko mchana, mbele ya majirani, kama ambavyo angempeleka kutibiwa malaria, bila shaka atasemwa kwa majuma mawili hivi. Kisha watu watapata la kusema jingine, na kijana atakuwa ameanza dawa.