Mkate wa Eliya na Usingizi Wetu

Somo: 1 Wafalme 19:4–8



Nabii Eliya alikimbilia nyikani kwa kuwa malkia Yezebeli aliapa kumwua. Alipochoka aliketi chini ya mti, akamwomba Mungu aitwae roho yake. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala. Kwa nguvu za chakula hicho alikwenda siku 40 hadi mlima Horebu, na huko ndiko Mungu aliposema naye.

Basi Mungu aliushughulikia mwili kwanza, nasi tusiudharau.

Hapa Ziba, na kote Unyamwezini, wako watu ambao kwao usiku ni mrefu. Mkulima huwaza deni la pembejeo za pamba. Mama huwaza mahitaji ya watoto shuleni. Wasiwasi huuendesha moyo mbio, na macho hukataa kufumba. Mtu wa namna hiyo na atazame anachokitumia jioni. Chai kali na kahawa humkesha mnywaji, kwa maana baada ya saa 5 hivi nusu ya nguvu yake ingali mwilini. Tumbaku, zao kubwa la mkoa wetu, humsisimua mvutaji ingawa yeye hudhani inamtuliza. Pombe hulaza upesi, lakini usiku wa manane humwamsha mtu, na deni liko palepale. Kushiba mno usiku huleta kiungulia. Kulala na njaa nako hufukuza usingizi.

Afadhali kula mapema na kwa kiasi: ugali wa mtama kwa mchicha wa karanga, au viazi vitamu kwa maziwa. Kabla ya kulala, kikombe cha maziwa ya moto chaweza kufaa, pamoja na asali kidogo ya misitu yetu ya miombo. Mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali, na mgonjwa wa kisukari ajihadhari nayo. Vyakula hivi si dawa ya kuondoa kila shida. Huutuliza mwili tu; mzigo wa moyo una njia yake.

Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani ya Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Walipofika kambini waliitua mizigo, wakawasha moto, wakala pamoja. Hakuna aliyelala na pembe begani. Mbona sisi twalala na deni kichwani? Litue jioni: mweleze mwenzi wako, mweleze mzee unayemwamini, mweleze Mungu. Kesho utalichukua tena, lakini hutakuwa peke yako.

Na ukikosa usingizi mara 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 3, nenda zahanati, au hospitali kama ile ya Nkinga wilayani kwetu Igunga. Ukijiona unatamani kufa kama Eliya, usingoje hata siku moja. Mwambie mtu leo, uende. Nawe uliye jirani, mpelekee chakula, uketi naye. Eliya hakujiinua mwenyewe, aliguswa.

Mungu awajalie usingizi mwema. Amina.