Nyuzi za Kioo na Soko la Ulaya

Huko Misri, nchi ya bonde la Mto Nile, kiko kiwanda karibu na Ghuba ya Suez ambamo mchanga na mawe ya chokaa huyeyushwa katika tanuri kuwa kioo. Kioo hicho, kikiwa katika joto la zaidi ya digrii 1,200, huchuruzika kupitia bamba la madini ya platini lenye matundu mengi madogo. Chini yake mtambo huvuta kila mchirizi kwa kasi, ukawa uzi mwembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo huimarisha mashua, matangi na mabomba.

Kiwanda hicho cha kampuni ya Kichina ya Jushi kilianza kazi mwaka 2014. Juni 2020, Umoja wa Ulaya ulizitoza nyuzi za kioo kutoka Misri ushuru wa asilimia 13.1. Ulidai kwamba ruzuku ya China, kwa kuwa Misri iliiridhia, ihesabiwe kuwa ya Misri yenyewe. Kampuni ilipinga, lakini Novemba 2024 Mahakama ya Ulaya ikaitupilia mbali rufaa yake.

Wahenga walinena, nguo ya kuazima haisitiri. Mchanga na jasho ni vya Misri. Mtaji ni wa mgeni, na soko ni la mwingine. Basi nchi za Afrika zinazokaribisha viwanda hazina budi kudai pia ujuzi wa tanuri na bamba, na kununuliana bidhaa zenyewe kwa zenyewe. Vinginevyo, mlango ukifungwa Ulaya, mfanyakazi wa Suez ndiye atakayeumia kwanza.